Filamu za Serbia na Daftari Nililolikana Getini

Jumapili, Kagugu. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kali, na barabara yetu ya udongo inafuka mvuke. Nimefua. Nimepiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji pasi. Nimepanga sufuria upya, kubwa chini, ndogo juu, halafu nikazipanga tena kinyume. Bado mikono inatafuta kazi.

Sijatulia tangu Jumamosi ya wiki iliyopita. Na jana nilifanya jambo nililoliahirisha tangu nina miaka kumi na moja. Nilidhani nikishalifanya nitalala kama mtoto. Sikulala.

Nianze na filamu, maana ndizo zilizonichokoza.

Kila Jumamosi mchana tunaangalia filamu kwenye karakana ya Shabani, pale Remera. Shabani ni fundi cherehani, mzaliwa wa Nyamirambo. Babu yake alikuja huku kutoka pwani na biashara ya vitambaa, akaoa, hakurudi. Saa nane anasimamisha kazi, tunasukuma vyerehani ukutani, tunatundika shuka jeupe, tunakaa juu ya marobota ya vitambaa. Huwa tuko kumi na wawili hivi. Mmoja alikulia Goma, mwingine Kampala, mimi nilikulia Karagwe, kwa hiyo tunazungumza Kiswahili. Kila mtu anakivunja kwa namna yake na hakuna anayemcheka mwenzake.

Kila mwezi mmoja wetu anachagua filamu. Mwezi huu zamu yangu. Nilichagua Serbia.

Sijawahi kufika Serbia. Mimi ni mfasiri, nakula kwa maneno ya watu wengine, na miaka michache iliyopita nilipewa maandishi ya filamu moja ya huko niyatoe kwenye Kifaransa niyaweke kwenye Kiswahili. Nikanasa. Tangu hapo nimekuwa nikizitafuta moja moja, zile za miaka ambayo nchi yao kubwa ilivunjika vipande vipande, za vita vilivyofuata, za maandamano, za serikali zilizoanguka. Kinachonishika ni kwamba vita vyenyewe huvioni sana. Unaona jikoni. Unaona kahawa inachemka kwenye kibirika chenye mpini mrefu, ndara zimepangwa mlangoni, redio inasema, na watu wawili wanashindwa kuambiana jambo moja.

Ya kwanza tuliyoangalia ilimhusu mtangazaji wa redio. Anasoma kwamba mji umetulia, na wakati anasoma, dirishani nyuma yake zinasikika filimbi za maelfu ya waandamanaji. Binti yake yumo. Anaisoma taarifa mpaka mwisho, sauti haitetemeki hata kidogo, kisha anatoka chooni akiwa amenawa uso na kola ya shati imelowa. Basi. Hakuna anayemuuliza.

Ya pili ilikuwa ya baba aliyemficha mwanawe darini ili asichukuliwe jeshini. Miezi na miezi wanaongea kwa kunong'ona. Vita vinaisha, kijana anashuka, anakwenda zake mjini, lakini mzee hawezi tena kupaza sauti. Ananong'ona dukani, ananong'ona kwenye harusi. Tulicheka pale, halafu tukaona aibu kwamba tumecheka.

Ya tatu ndiyo iliyoniharibu.

Familia inakimbia vita kwa trekta, kutoka upande wa Kroatia kuingia Serbia. Wanapewa nyumba ya watu ambao nao wamekimbia, wakielekea kule kule hawa walikotoka. Wanakuta kila kitu. Matunda ya manjano yanayofanana na mapera yamepangwa juu ya kabati la nguo ili chumba kinukie. Chini, kwenye ghala, mitungi ya kioo imejaa pilipili hoho zilizochomwa na kusagwa kwa ajili ya majira ya baridi, kila mtungi una karatasi yenye mwandiko wa mwanamke. Familia inaila mitungi ile msimu mzima. Mama wa familia anabandua karatasi moja moja na kuzitia motoni, lakini kabla ya kuzitia, anazisoma.

Miaka inapita. Siku moja mwanamke ambaye mama huyo hamjui anabisha hodi, anaomba maji ya kunywa. Anakaa jikoni. Hasemi yeye ni nani. Anakunywa, anaosha glasi, anaikausha, kisha bila kuuliza ni wapi anafungua kabati la tatu, la juu, kushoto, anairudisha glasi mahali pake.

Anaaga, anaondoka.

Shuka lilibaki jeupe. Shabani ndiye aliyeongea kwanza, na yeye huwa haongei kwanza.

"Yule mama alijua kabati," alisema. "Yule mwingine anamuona anafungua, na anakaa kimya. Mimi hiyo ndiyo nimeshindwa."

Wengine walianza kubishana: angesema nini, nyumba walipewa na serikali, nao walipoteza yao. Mimi nilijifanya nakunja waya wa spika. Niliukunja, nikaukunjua, nikaukunja tena.

Niseme jambo moja wazi kabla mtu hajaniandikia. Silinganishi. Kilichotokea hapa kwetu ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kina jina lake na hakihitaji jina la kuazima kutoka Ulaya. Mama yangu alitolewa nchi hii akiwa mtoto mgongoni mwa shangazi yake. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kuwatafuta dada zake wawili waliobaki, na hakumkuta hata mmoja. Sina filamu ya kuiweka kando ya hilo.

Ila kabati, nalijua.

Tuliporudi kutoka Karagwe nilikuwa na miaka tisa. Hatukuwa na nyumba. Tulioneshwa moja hapo hapo Remera, ya matofali, ua mkubwa, wenyewe wamekimbilia Zaire. Ilikuwa imekwisha kuporwa kabla yetu. Ukutani kulikuwa na miraba ya rangi safi mahali picha zilipokuwa zimetundikwa. Stoo kulikuwa na nusu gunia la maharage. Tuliyala. Mama aliyapika siku ya kwanza akiwa ametugeuzia mgongo, na hakutaka tumuone uso.

Nyuma ya kitanda cha chuma nilikuta daftari.

Lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya kaki, limeandikwa jina kwa wino wa buluu: Clémentine. Darasa la tatu. Ndani imla za Kifaransa na hesabu, mwandiko wa duara, umelala kulia. Nusu ya kurasa zilikuwa tupu. Mwaka ule daftari lilikuwa kitu cha kutafutwa, nami nilikuwa na shule ya kuanza na Kinyarwanda cha kujifunza kuandika, maana nyumbani tulikizungumza tu, shuleni Karagwe ilikuwa Kiswahili.

Nililichukua. Nikapiga mstari juu ya jina lake, nikaandika Vestine.

Hilo naweza kujisamehe. Nilikuwa mtoto, karatasi zilikuwa tupu.

Lingine ni hili.

Baada ya miaka miwili wenyewe walirudi. Walikuja kwanza wawili, kuangalia. Mwanaume mrefu mwenye koti lililompwaya, na msichana wa umri wangu. Mama alitoka kuzungumza na yule baba pembeni, karibu na bomba. Mimi nikabaki getini na yule msichana. Tulitazamana miguu. Kinyarwanda changu bado kilikuwa na lafudhi ya Tanzania na niliogopa atanicheka, kwa hiyo nilimsalimu kwa Kiswahili. Akajibu kwa Kiswahili. Kilikuwa cha Zaire, cha kambini, lakini tulielewana. Fikiria: mtoto mmoja amekipata ukimbizini mashariki, mwingine ukimbizini magharibi, tunakutana nacho getini.

Hakuniuliza kuhusu kitanda wala nyumba. Alisema, "Kaye yangu iko?"

Kaye, daftari. Nilielewa mara moja.

Nikamjibu, "Hapana. Haiko."

Aliitikia kwa kichwa. Baba yake akamwita, wakaondoka. Mwezi ule ule tulihama, tukawaachia nyumba yao, na mama akafagia mpaka nyuma ya choo ili wasiseme tuliishi kama wezi.

Daftari nilihama nalo.

Kwa hiyo Jumamosi ya wiki iliyopita nilitoka kwa Shabani nikiwa siioni barabara vizuri. Ile nyumba ilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka karakana yake. Sasa kuna jengo la ghorofa nne, chini wanauza simu na vioo. Nimepita pale mara ngapi? Sijawahi kugeuza shingo.

Jumapili sikusema kitu. Jumatatu nilifasiri ukurasa mmoja siku nzima. Jumanne mama, ambaye naishi naye na ambaye anasikia hata ninavyoweka kijiko mezani, aliniuliza nani amenikosea.

Nikamwambia kuhusu filamu. Nikamsimulia mitungi, karatasi, glasi, kabati. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Yule mama alifanya makosa gani?" aliniuliza. "Aliyepewa nyumba."

"Alinyamaza, Mama."

"Ungekuwa wewe, ungesema nini? Una watoto wanne, mvua inanyesha, umetoka kuzika watu ambao hata hukuwaona. Nyumba yetu sisi, ya baba yangu, watu walikaa humo miaka thelathini. Nani alikuja kuniomba radhi?"

"Sisemi kuhusu nyumba. Nasema kuhusu daftari."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

Nilikuwa sijawahi kumwambia kwamba yule msichana aliniuliza. Nilimwambia Jumanne ile, nikiwa mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, na sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani. Mama alisikiliza. Kisha akaenda chumbani, nikasikia sanduku la bati likifunguka, akarudi na daftari limefungwa kwenye kitenge cha zamani.

"Nilijua ni la nani," alisema. "Nilidhani hujui kama najua."

Akakaa. Halafu akasema jambo ambalo limenizuia kula tangu siku hiyo.

"Yuko Gahanga. Anauza miche ya miti kando ya barabara ya kwenda Bugesera. Nilimtambua miaka saba iliyopita, amefanana na baba yake. Nimepita pale mara nyingi. Nikikaribia namwambia mwenye pikipiki aongeze mwendo."

Mama yangu. Anayewasalimu hata walinzi wa benki.

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nililifungua daftari na kulifunga. Kila ukurasa wa Clémentine una alama nyekundu za mwalimu, na kila Ijumaa kuna saini ya mzazi kwa penseli: neno la Kifaransa la kuonesha ameona, na herufi mbili, M.B. Mahali pamoja mzazi huyo ameandika kwa Kinyarwanda: Clémentine, andika polepole, karatasi haikimbii. Nilipokuwa mtoto niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nilikuwa naitii. Nilikuwa naandika polepole kwa sababu mama wa mtu mwingine alisema.

Jana nikamwambia Shabani aoneshe filamu ya mwisho bila mimi. Aliniuliza kama naumwa. Nilisema hapana, nakwenda Gahanga kurudisha kitu. Alinitazama, akatoa mfuko wa nguo aliokuwa ameushona mwenyewe, wenye kifungo, akasema nikiweke humo hicho kitu, mvua isije ikakiharibu. Hakuuliza ni nini.

Nilipanda pikipiki. Njia nzima nilitunga hotuba. Nilikuwa na toleo la Kinyarwanda na toleo la Kiswahili, yote mawili mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Mimi ni mfasiri bwana.

Nilimuona kabla pikipiki haijasimama. Mwanamke mpana wa mabega, ameinamia mistari ya miche kwenye vifuko vyeusi: parachichi, matunda-damu yale mekundu ya juisi, na ile miti ya uzio. Viatu vya mpira, kilemba cha kijani. Alidhani mimi ni mteja.

"Unatafuta ya parachichi?" aliniuliza kwa Kinyarwanda.

Hotuba zote mbili zilipotea. Nikasema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, "Mimi ndiye niliyekuwa naishi kwenu. Remera."

Aliweka chini kopo la kumwagilia. Nilisikia maji yakinyonywa na udongo. Kisha akasema, kwa Kiswahili kile kile cha getini, "Wewe ni ule mtoto."

"Ndiyo."

"Wa kaye."

Nilitoa mfuko, nikafungua kifungo. Nikampa. Alijifuta mikono kwenye sketi, mbele na nyuma, mara mbili, ndipo akapokea. Hakulifungua.

"Nilikudanganya," nilisema. "Uliniuliza, nikasema haiko. Ilikuwepo."

"Najua ilikuwepo."

"Unajua?"

"Ulikuwa umeishika. Kwa mkono, nyuma ya mgongo. Ulifikiri siioni, lakini kona yake ilikuwa inatokea hapa," akajigusa kiunoni. "Nilijua ile karatasi ya kaki. Mama ndiye alifunika."

Katika kumbukumbu yangu, daftari lilikuwa chumbani. Miaka yote hii nimejiona nimesimama getini mikono mitupu. Lakini aliposema, kiganja changu kilikumbuka kabla yangu. Kweli. Nilikuwa nalo. Nilikuwa natoka kufanya kazi ya nyumbani.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. Swali la kijinga. Mwizi anamuuliza mwenye mali kwa nini hakupiga kelele.

"Nilimwambia Baba. Njiani. Nikamwambia turudi, ule mtoto ameshika kaye yangu. Baba akasema, muache, anasoma." Alivuta pumzi. "Nilimchukia Baba wiki nzima. Sikula chakula alichopika. Weye ulikuwa na mama ndani, unanuka sabuni, na kaye yangu, na Baba anasema muache."

Nilitazama miche.

Kulikuwa na benchi la mbao chini ya turubai. Alikwenda kukaa, hakunialika, nikamfuata hivyo hivyo, nikakaa mwisho wa pili. Alilifungua daftari. Alipita imla, hesabu, akatafuta kitu kimoja tu. Alipoifikia saini ya kwanza aliweka kidole juu yake. Akafungua ukurasa, saini ya pili, kidole. Ya tatu. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa sehemu yake, na mimi nilihesabu bila kutaka, ishirini na mbili. Kwenye ile sentensi alisimama.

"Karatasi haikimbii," alisoma. Alitoa sauti, sijui ilikuwa kicheko au nini. "Alikuwa anasema hivi kwa kila kitu. Chakula hakikimbii. Maji hayakimbii. Tulipokimbia ndiye aliyekuwa nyuma kabisa."

Mama yake alifariki kambini, kwa kuhara, mwezi wa kwanza. Hawana picha yake hata moja. Aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza namna ya kumwagilia parachichi. Baba yake alikaa kwenye ile nyumba mwaka mmoja, akaiuza, akasema vyumba vilikuwa vingi mno. Naye alishafariki.

Nilimwambia pole. Nilimwambia naomba unisamehe. Niliyasema yote mawili, na yote mawili yalikuwa madogo.

Aligeuza ukurasa akaingia kwenye sehemu yangu. Mwandiko wangu, uliosimama wima kama askari.

"Hii ni nini?"

"Insha. Mwalimu alituambia tuandike."

"Nisomee."

"Clémentine..."

"Nisomee. Niliibeba mimi kutoka dukani hii kaye. Nataka kujua uliandika nini."

Nikasoma. Kinyarwanda cha mtoto wa miaka tisa, makosa kila mstari. Kichwa chake: Nyumba Yetu. Nyumba yetu iko Remera. Nyumba yetu ina paa jekundu. Nyumba yetu ina madirisha sita. Mama yangu anaipenda nyumba yetu kwa sababu haivuji.

Kila "yetu" ilinikwama. Nilitaka kuruka moja, hata moja tu, lakini alikuwa anafuata kwa macho. Nikazisoma zote. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni: vizuri sana.

Nilipomaliza, malori yalipita mawili matatu. Alikuwa anatazama barabara.

"Saba," alisema.

"Nini?"

"Madirisha. Yalikuwa saba. Umesahau la stoo, dogo, la juu. Mama aliliomba likatwe ili maharage yasipate ukungu."

Nusu gunia. Sikumwambia. Labda nitamwambia siku nyingine, labda anajua hilo pia.

Nilimuuliza kama anataka nizitoe kurasa zangu, zimfungulie nafasi, zibaki zake tu. Nilikuwa nimekwisha shika kona. Alinizuia mkono, kwa nguvu, na mkono wake ulikuwa na udongo.

"Usichane kitu," alisema. "Mumechana vya kutosha."

Sijui "mumechana" ilikuwa mimi na mama, au sisi sote, au watu wa dunia hii. Sikuuliza.

Mteja alikuja kutafuta miche ya uzio. Clémentine akasimama, akaliweka daftari ndani ya mfuko wa Shabani, akafunga kifungo, akauvaa begani. Nikamwambia namba yangu, akaiandika kwenye simu yake. Nikamuomba yake.

"Hapana," alisema. "Usinipigie. Mimi nitakupigia, nikitaka."

Hakunikumbatia. Hakunifukuza. Alianza kuhesabu miche ya yule mteja, na mfuko unamgonga nyongani kila akiinama.

Nimekuwa nikijiuliza tangu jana hiyo ilikuwa nini. Katika filamu zile za Serbia napenda sana miisho yake kwa sababu watu hawasameheani mbele ya kamera. Wanaosha glasi, wanavaa koti, wanaondoka. Nilidhani ni ustadi wa waongozaji. Sasa naona ni kwamba hawakuwa na namna nyingine ya kusema kweli. Na naona pia ni rahisi kuupenda ukimya huo ukiwa umekaa juu ya robota la kitambaa, gizani, na maisha ni ya wengine.

Nilirudi nyumbani saa kumi na moja. Mama alikuwa barazani, amevaa gauni la kanisani siku ambayo si ya kanisa. Hakuniuliza nimekula.

"Amesema nini?"

Nilikuwa na mengi ya kumweleza na lililotoka kinywani ni hili: "Amesema madirisha yalikuwa saba."

Mama alifumba macho. Nikaona anaitembea ile nyumba kichwani, midomo inasogea. Sebuleni mawili. Chumba chetu. Chumba cha watoto mawili. Jikoni. Alikuwa amenyoosha vidole saba, akakunja kimoja kwa kila dirisha, akabaki na kimoja kimesimama.

"La stoo," alisema. "Ni kweli. Saba."

Nikamsimulia yote. Insha, ile wiki Clémentine aliyokataa kula, mkono wenye udongo. Nilipofika kwenye saini, mama alilia, kimya, bila kujifuta. Alisema kesho kutwa akipita Gahanga atamwambia mwenye pikipiki asimame. Kisha akasema hapana, labda asubiri kwanza aitwe. Kisha akasema hajui. Naye amekuwa hivyo hivyo leo, anaingia na kutoka, amemwagilia maua wakati mvua imenyesha.

Mchana huu, tukiwa mezani, aliniuliza ghafla.

"Yule mama yake. Aliyekuwa anasaini. Aliitwa nani?"

"M.B.," nilisema.

"Hilo si jina, Vestine."

Nimeishi kwenye nyumba ya yule mwanamke miaka miwili. Nimekula maharage yake, yaliyokaa makavu kwa sababu ya dirisha alilolikatisha. Nimeandika polepole maisha yangu yote kwa sababu yake. Jana nilikaa kwenye benchi moja na binti yake karibu saa nzima, tukatazama herufi zake mbili mara ishirini na mbili.

Sikuuliza jina lake.

Clémentine akipiga, kabla ya jambo lingine lolote, hilo ndilo nitakalomuuliza.

Na asipopiga?